Boneti Imegoma

Tuliipandisha mlima kutoka Kiboswa,
Datsun ya Baba, rangi ya maziwa yaliyolala.
Kufika Mbale ikakohoa. Kufika Chavakali ikasimama
ikitoa mvuke puani kama fahali aliyelimishwa hadi adhuhuri.

Nikavuta kishikio chini ya usukani.
Kikaja chote mkononi, chepesi,
na kipande cha kebo kikining'inia
kama mkia wa mjusi: mwenyewe kishakwenda.

Boneti kimya. Chini yake maji yanatokota, nayasikia,
kama sufuria ya maharagwe ndani ya nyumba iliyofungwa
na mwenye ufunguo yuko matangani.

Fundi Kegode akaja akifuta mikono
kwa fulana isiyofuta kitu.
"Usiipige," akasema. Nilikuwa nimeshaipiga.
"Chuma hakiungami kwa kofi."

Tukangoja ipoe. Akaingiza plaisi pale kebo ilipokatikia,
akauma ncha, akatandika gunia juu ya boneti.
"Kaa hapo. Kilichobanwa
hutaka kwanza kubanwa zaidi."
Basi mimi, mwalimu wa hesabu, na sketi yangu ya kazini,
nikakaa juu ya gari la marehemu
mbele ya wauza ndizi wote wa Chavakali.
Wakatuhesabia kwa sauti: moja, mbili,

tatu. Ncha ikakatika.

Bisibisi ndefu kupitia grili: hapana.
Spana, kipande cha nondo, dua ya mwendesha boda: hapana.
Ndipo Vihenda, mwanafunzi wake, msichana wa gambuti mbili zisizofanana,
akatambaa chini ya bampa, tochi kaiuma kwa meno.
Tukaiona miguu tu.

"Kuna waya," ikasema miguu.

"Waya gani?"

"Wa kufungia ua. Umeshikwa kwenye kufuli,
unapita kando ya rejeta, unatokea huku nyuma ya namba.
Umezungushwa mara tatu, halafu ukarudishwa mara moja."

Kegode akanitazama. "Nani aliufunga huu?"

Mara tatu, na moja ya kurudi.
Hivyo ndivyo lango la ng'ombe lilivyofungwa kwetu,
na sanduku langu la bweni,
na mguu wa kitanda alichokuja kulalia miezi ile ya mwisho.
Alijua kebo imechoka. Alilala chali mahali fulani,
vumbi likimwingia machoni, akaweka njia ya pili,
akanawa, akala, akasikiliza taarifa ya habari.
Sisi tukamwita bahili wa maneno.
Tumbo nalo lilimuuma miaka miwili.
Hilo pia alilifunga akanyamaza,
ila kwa hilo hakutuachia ncha ya kuvuta.

Vihenda akavuta kwa kidole kimoja.
Tak.
Boneti ikainuka kiasi cha mdomo wa mtu
anayetaka kusema jambo kisha akaghairi.

Ndani: majani ya mparachichi, kiota cha panya,
mpira wa rejeta uliopasuka kwa urefu wake,
na kitambaa kilichokatwa kwenye shati lake la mistari,
kikavu, kimekunjwa mara nne.

Kegode akataja bei ya kebo mpya.
Sikubishana, na si kawaida yangu.
Akachukua koleo aukate ule waya.
"Uache."
"Wa nini tena, mwalimu, na kebo utakuwa nayo?"
Sikupata jibu la maana. Nikasema njia ni mbovu.

Mvua ya saa tisa ikashuka juu ya mawe ya Maragoli,
kila mtu akakimbilia ndizi zake.
Nikachutama mbele ya gari, nikapitisha mkono nyuma ya namba,
nikaipapasa ncha.

Alikuwa ameikunja kichwa,
isimchome atakayevuta.